Ng'ombe Mzima, Boma Lina Shida: Kumsaka Mnyama Anayebeba Bakteria Bila Kuugua

"Daktari, huyu hana neno. Anakula, anacheua, maziwa ni yale yale."

Maneno hayo nimeambiwa huku Nakuru, kule Bahati, Dundori na Njoro, na hata Muhoroni nilipoenda kumsaidia mwenzangu. Anayeyasema huwa hadanganyi. Ng'ombe anakula kweli na anacheua kweli. Ila sikuitwa kwa ajili ya huyo ng'ombe. Nimeitwa kwa sababu maziwa yamerudishwa kutoka kituoni, au mama mwenye boma ana homa wiki ya tatu, au mtamba wa jirani ametupa mimba, au vifaranga wanakufa huku kuku waliowataga wananenepa. Hiyo ndiyo dalili. Imetokea tu nje ya mwili wa yule anayebeba ugonjwa.

Kwa hiyo tutaanza na malalamiko, kisha turudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye kiwele, tezi, figo au utumbo ambako bakteria wamejibanza. Ukishajua walipojibanza, utajua upime nini, upime lini, na kwa nini sindano ya juzi haikusaidia. (Mimi nina cheti cha afya ya mifugo, si shahada. Lakini huku kwetu kila anayebeba sindano huitwa daktari, nami nilishaacha kubisha.)

Neno moja kuhusu "mzima". Homa, uvimbe na usaha ni alama za mwili kupigana. Bakteria aliyezoeana na ng'ombe kwa vizazi vingi amejifunza kukaa bila kuamsha vita. Kuna aina ya E. koli iitwayo O157 inayoishi karibu na mwisho wa utumbo wa ng'ombe. Inatoa sumu inayoweza kuharibu figo za mtoto wa binadamu, lakini mishipa ya damu ya ng'ombe haina kile kishikizo ambacho sumu hiyo hukamatia. Ng'ombe hata hajui kwamba ameibeba. Anayejua ni mtoto aliyekunywa maziwa mabichi yaliyorukiwa na kinyesi.

Kituo kimekataa maziwa, kiwele hakina uvimbe

Kwanza ondoa makosa ya ndoo. Kama yanayokataliwa ni maziwa ya jioni yaliyolala, na ya alfajiri yanapita, tafuta kosa kwenye usafi na joto. Kama unabebea mtungi wa plastiki uliokuwa wa mafuta ya kupikia, usiende mbali: mikwaruzo ya ndani haioshiki, na harufu ya mchachuko unaisikia ukifungua kifuniko. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi nayo huganda kwenye kipimo cha spiriti bila ugonjwa wowote.

Yote hayo yakiwa hayapo, pima robo moja moja za kiwele.

Mama mmoja wa Dundori alikuwa na ng'ombe watatu wenye damu ya Friesian, na kituo kilikuwa kimemrudishia maziwa mara mbili ndani ya wiki. Yeye alimlaumu kijana wa boda. Nikafika saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa ikiwa ya simu, tukaanza na ng'ombe mkubwa. Nilitupa mikamuo miwili ya kwanza, nikakamulia kila chuchu kikombe chake kwenye ile sahani ya plastiki ya vikombe vinne, nikaiinamisha hadi kila kikombe kikabaki na maziwa kidogo sawasawa, kama nusu kijiko cha chai. Nikaongeza dawa ya zambarau ya CMT (kipimo cha kugundua ugonjwa wa kiwele usioonekana) kwa kiasi hicho hicho, nikawa nazungusha taratibu.

Vikombe vitatu vilizunguka kama maji. Cha nne, cha robo ya nyuma kushoto, kikaanza kuvuta. Kwanza kikawa kizito kama uji uliopoa, kisha kikajikusanya katikati kama ute wa yai, na nilipoinamisha sahani kikadondoka chote kwa pamoja, kwa mkupuo mmoja.

"Lakini maziwa ni meupe!" mama akasema.

"Ni meupe, mama. Ndiyo maana umekuwa ukiyauza."

Dawa ile kwa kweli ni sabuni yenye rangi. Inapasua seli nyeupe zilizomo ndani ya maziwa, DNA yao inamwagika, na nyuzi za DNA ndizo zinazovuta. Robo nzima huwa na chini ya seli 200,000 kwa mililita. Robo yenye vita ya kimyakimya inaweza kuwa na mamilioni, na jicho halioni kitu. Usipoipata dawa kwenye agroveti, gramu 3 za sabuni ya unga ya kufulia katika mililita 100 za maji hufanya kazi ile ile, isipokuwa haina rangi na inabidi ukaze macho.

Hapa wengi hukosea kusoma majibu. Ng'ombe aliyezaa siku chache zilizopita, au anayekaribia kukauka (kuachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa), huvuta kidogo kwenye robo zote nne. Hiyo ni hali yake tu. Robo moja ikivuta na tatu zikawa maji, huko kuna mpangaji.

Mpangaji ni nani? Huku kwetu nashuku wawili kabla ya wengine. Streptokoka wa aina ya agalactiae huishi karibu ndani ya kiwele peke yake, kwenye mifereji ya maziwa, mahali ambapo dawa ya tyubu, ile inayosukumwa ndani ya chuchu, inamfikia. Penisilini humwondoa vizuri. Ukimpata huyu, shukuru.

Stafilokoka wa aina ya aureus ni mtu mwingine. Huyu hupenya kutoka kwenye mfereji na kuingia ndani ya nyama ya kiwele. Mwili ukimwona unamjengea ukuta wa makovu, na ukuta huo huo unamkinga na dawa. Akimezwa na seli nyeupe, anaweza kukaa ndani ya seli hiyo akiwa hai. Juu ya hayo hujifunika utando wa ute. Kisha hutoka kwa zamu: leo maelfu, kesho kutwa hakuna hata mmoja. Ndiyo sababu sampuli moja iliyorudi "hakuna bakteria" haimwoshi ng'ombe. Chukua tatu, zikiachana kwa siku kadhaa, ndipo useme.

Kumtibu stafilokoka katikati ya kukamua ni kumwaga pesa, na nasema hivyo nikijua kuna watakaonichukia kwa sababu wanauza tyubu. Nafasi nzuri ni wakati wa kukausha, miezi miwili kabla ya kuzaa, kwa dawa ya kukaushia inayokaa kiweleni muda mrefu. Hata hapo, ng'ombe mzee mwenye robo mbili au tatu zilizoshikwa mara nyingi haponi.

Kinachosaidia kila siku ni mpangilio. Mitamba waliozaa mara ya kwanza wakamuliwe kwanza, wanaovuta wakamuliwe mwisho. Chuchu zichovywe dawa mara tu baada ya kukamua, kabla tundu halijafunga. Na kila ng'ombe awe na kitambaa chake. Kitambaa kimoja cha kupangusia viwele vyote ndicho boda boda wa stafilokoka, na hutoza nauli kubwa kuliko yule kijana aliyelaumiwa bure. Mama wa Dundori alikata fulana kuukuu ya mumewe vipande sita, vitatu vikitumika, vitatu vikichemshwa. Maziwa yalianza kupita kituoni wiki iliyofuata, kwa sababu ng'ombe mkubwa sasa alikamuliwa mwisho na robo ile yake haikuchanganywa. Baada ya dawa ya kukaushia na kuzaa tena, robo bado ilivuta, kidogo. Alimweka mwaka mmoja, kisha akamuuza kwa mchinjaji. Hakumuuza kwa jirani, ingawa jirani alikuja na pesa nzuri.

Alitupa mimba mwaka jana, mwaka huu amezaa vizuri

Hili ndilo linalonitisha kuliko yote, kwa sababu kuzaa vizuri kunamtuliza kila mtu.

Uliza kwanza mimba ilitoka mwezi wa ngapi. Ikiwa ilitoka mapema sana, au ng'ombe wanarudia joto tu, ruka hadi sehemu ya dume hapa chini. Ikiwa ilitoka mwezi wa tano kwenda mbele, hasa kama kondo lilikwama, brusela, bakteria wa kutupisha mimba, anaingia juu ya orodha. Hayuko peke yake: leptospira, bakteria anayekaa kwenye figo, hutoa mimba pia, na ndigana kali ikimpandisha ng'ombe joto inaweza kumtupisha mimba bila brusela yeyote. Lakini ndigana inajionyesha. Brusela hajionyeshi.

Ng'ombe humpata kwa mdomo. Amelamba kitoto kilichotoka, au kondo, au majani yaliyomwagikiwa maji ya uzazi. Bakteria anamezwa na seli nyeupe, zile zinazopaswa kumyeyusha, lakini yeye anakigeuza kifuko alichofungiwa kuwa chumba chake na kuanza kuzaana humo. Seli zinambeba hadi kwenye tezi, na hapo anatulia. Mimba ikikua, kondo la ng'ombe hutengeneza sukari iitwayo erithritoli ambayo brusela anaipenda mno. Anazaana kwenye kondo mpaka linaharibika, na mimba inatoka.

Wengi hutupa mimba mara moja tu. Mara ya pili mwili umeshazoea, kondo haliharibiki kiasi kile, ndama anazaliwa hai. Brusela hajaondoka. Yuko kwenye tezi za kiwele na kwenye kiwele chenyewe, anatoka na maziwa kwa vipindi, na kila uzazi anamwagika na maji na kondo. Ndama mzuri, mama mzuri, na sakafu ya zizi imejaa.

Maswali ninayouliza, na majibu ninayoyaogopa: Kondo lilienda wapi? (Mbwa alichukua.) Nani alivuta ndama? (Mimi, kwa mikono.) Ulivaa glavu? (Kicheko.) Ng'ombe alitoka wapi? (Sokoni, akiwa na mimba.) Na mtamba huyu ni wa nani? (Ni binti wa ng'ombe huyo huyo.) Hapo kwa mtamba pana mtego. Ndama jike aliyezaliwa na mama mwenye brusela anaweza kukua akiwa amembeba, na kila ukimpima damu majibu yanarudi safi, mpaka atakapozaa au kutupa mimba ya kwanza. Wachache hufanya hivyo, lakini mmoja anatosha kuanzisha upya boma lililodhani limemaliza.

Kipimo cha kawaida cha damu ni Rose Bengal: tone la seramu, tone la dawa ya waridi, dakika 4, na kama kuna kinga dhidi ya brusela unaona chembechembe zikishikana kama maziwa yanayokatika. Ni rahisi na maabara ya mifugo Nakuru wanakifanya. Tatizo lake ni wakati. Ng'ombe anayekaribia kuzaa, au aliyetupa mimba jana, anaweza kupita. Mrudie wiki 2 hadi 4 baadaye. Kwa boma lenye ng'ombe wengi kuna kipimo cha pete: dawa ya buluu ndani ya maziwa ya mtungi mzima, na malai ikipanda na rangi, kundi lina shida. Usikitumie kwa maziwa ya mbuzi, na kumbuka dang'a na maziwa ya kiwele kigonjwa hukidanganya.

Watu huuliza dawa. Ng'ombe mwenye brusela hatibiwi. Kwa yule unayemwonea shaka, antibiotiki ya oksitetra haimwondoi bakteria aliyelala ndani ya seli, na hufanya uuze maziwa yenye dawa juu ya maziwa yenye brusela. Anayethibitika huondolewa kwenda kuchinjwa kwa utaratibu wa ofisi ya mifugo, na wachinjaji waambiwe. Mitamba huchanjwa chanjo ya brusela iitwayo S19 wakiwa na umri wa miezi 3 hadi 8, majike peke yao. Acha daktari wa mifugo afanye. Chanjo ile ni bakteria hai, ikimchoma mtu kidole anaweza kuugua, na ukiwachanja ng'ombe wakubwa utavuruga vipimo vyao vya damu baadaye.

Kondo na kitoto kilichotoka: glavu, shimo refu, chokaa juu, mbali na mbwa. Brusela hufa upesi juani, lakini kwenye udongo wa kivuli na unyevu hudumu majuma na hata miezi. Molo na Kuresoi wanajua kivuli na unyevu ni nini.

Ng'ombe wanarudia joto bila mpango, dume la kijiji ni shababi

Hili ni fupi. Ng'ombe asiyeshika hurudi joto baada ya siku 21 hivi. Wakianza kurudi baada ya siku 30 au 40, kila mmoja na tarehe yake, maana yake wanashika kisha mimba changa inakufa. Kama wote wamepandwa na dume mmoja, mtazame dume, hata kama anang'aa. Bakteria aitwaye kampilobakta wa uzazi hukaa kwenye mikunjo ya ngozi inayofunika uume, na dume mwenyewe hana maumivu, hana usaha, hana lolote. Kadiri anavyozeeka mikunjo inazidi kuwa na kina, naye anakuwa mbebaji wa kudumu. Majike wengi hujisafisha wenyewe baada ya miezi. Dume hajisafishi. Kuna kidudu kingine kisicho bakteria kinachofanya mchezo huo huo mahali pale pale, kwa hiyo maabara ipime vyote viwili.

Pandisha kwa mrija, kwa mbegu za kuletwa badala ya dume. Ndiyo, najua mpandishaji hachukui simu Jumapili.

Watu wa nyumbani wana homa, mifugo yote ni mizima

Kisumu na Busia kila homa huanza kwa jina la malaria, na ni sawa, pima malaria kwanza. Lakini mtu akiwa na homa inayopanda jioni, jasho la usiku, kiuno na magoti yanauma, na ameshatibiwa "taifodi" mara mbili, mwambie amweleze daktari wa hospitali kwamba nyumbani kuna ng'ombe na mbuzi, na kama wanakunywa maziwa mabichi. Asipouliza, sema mwenyewe. Huenda ni brusela.

Angalizo moja. Kuna kipimo cha haraka cha brusela kilichozoeleka katika zahanati zetu, tone kwenye kioo na majibu papo hapo, na watafiti walipokilinganisha na vipimo bora hapa Kenya walikuta kinawapa watu wengi majibu ya "unayo" ilhali hawana. Omba Rose Bengal. Tiba yake ni dawa mbili kwa pamoja kwa wiki 6, na mtu hapaswi kumeza wiki 6 za dawa kwa ugonjwa asionao, wala kuacha wiki ya pili kwa sababu homa imeshuka. Na mtu asichanganye jina: "homa ya maziwa" ya ng'ombe anayeanguka baada ya kuzaa ni upungufu wa kalsiamu. Haiambukizi yeyote.

Wazo kwamba mnyama mzima ndiye chanzo liliwashinda hata wakubwa. Kisiwani Malta, askari wa Uingereza waliugua homa ya brusela miaka mingi. David Bruce alimwona bakteria katika miaka ya 1880, lakini hakuna aliyejua anatoka wapi. Mbuzi walikuwa wakipitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa papo hapo, wanene, wenye afya, hakuna aliyewafikiria. Mwaka 1905 Themistocles Zammit alipima damu yao akawakuta wamebeba. Askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi, homa ikashuka. Mbuzi hawakuwahi kuumwa.

Nyumbani kazi ni moja: chemsha. Joto la nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, linamuua brusela. Sufuria iliyochemka hadi kupanda imepita hapo. Mursik, maziwa ya kuchachusha, ni chakula changu pia, sina vita nacho, ila chemsha maziwa kabla hayajaingia kwenye kibuyu. Mchachuko unapunguza bakteria, lakini usiutegemee uwamalize brusela.

Kama homa imekuja na macho mekundu na maumivu makali ya vigimbi vya miguu, na mtu amekuwa akipanda mpunga Ahero miguu mitupu, au anaosha mabanda ya nguruwe, leptospira aingie kwenye mazungumzo. Huyu hujikunja ndani ya vijifereji vya figo, mahali ambapo kinga ya damu haimfikii vizuri, na kutoka na mkojo kwa miezi. Ng'ombe, nguruwe, mbwa na panya wote wanaweza. Viatu vya mpira, na panya wapunguzwe kwenye stoo ya chakula.

Vifaranga wanakufa, kuku wazazi wananenepa

Kama vifaranga wanaanguka ndani ya wiki mbili au tatu za kwanza, wamejikusanya chini ya taa, mkundu umezibwa na kinyesi cheupe kama chokaa iliyokauka, usianze kwa kubadilisha chakula. Uliza mayai yalitoka kwa nani. Kama uliangua mwenyewe kutoka kwa kuku wako wa kienyeji, au uliyaokota soko la Kibuye kutoka kwa wauzaji watatu tofauti ukayaweka kwenye mashine moja, salmonela wa pullorum, bakteria wa huo mharo mweupe, amepata usafiri.

Mtetea aliyenusurika akiwa kifaranga hubaki naye ndani ya seli nyeupe za bandama. Miezi inapita, hana lolote. Anapokaribia kuanza kutaga, homoni zinabadilika, kinga inalegea, na bakteria waliokuwa wamelala wanahamia kwenye mji wa mayai. Anataga yai zuri, ganda safi, na ndani kuna bakteria. Ndugu yake anayeleta taifodi ya kuku, Gallinarum, huua hata wakubwa, na wanaosalia baada ya mlipuko ndio wabebaji. Mfugaji huwapenda hao waliosalia. "Hawa ni wagumu, ndio wa kuzalisha." Hapana, baba. Hao ndio wa kuondolewa.

Wape antibiotiki na vifo vitapungua, kisha dawa ikiisha vitarudi, kwa sababu dawa hupunguza wagonjwa lakini haiwasafishi wabebaji. Njia ni kipimo cha damu: tone kutoka mshipa wa bawa, tone la dawa yenye rangi, dakika 2. Wapimwe wakiwa wameshakomaa, wiki 16 na kuendelea, na ambaye tone lake linashikana aondoke. Rudia mpaka kundi zima lipite. Mashine ya kuangulia ioshwe na kuuliwa vijidudu baina ya kila awamu. Manyoya yaliyobaki ndani ni makazi. Chanjo ya taifodi ya kuku ipo, ila kama unapanga kupima damu mwulize daktari kwanza, kwa sababu huweza kuvuruga majibu.

Dawa ilifanya kazi, kisha tatizo likarudi

Wengi husema "dawa imezoewa". Wakati mwingine ni kweli, bakteria wamegeuka sugu na hata wajukuu wao watakuwa sugu. Lakini mara nyingi ninachokiona ni kingine. Katika kundi la bakteria kuna wachache waliolala, hawali, hawazaani. Penisilini huua bakteria anapojenga ukuta wake. Asiyejenga haguswi. Dawa ikipita, wanaamka, nao si sugu hata kidogo. Ukiwapima maabara dawa ile ile inawaua.

Utawatofautisha hivi. Kama dalili hazikupungua kabisa dawa ikiendelea, fikiria usugu, au dawa bandia, au dozi ndogo. Kama zilipungua vizuri na kurudi majuma kadhaa baadaye, robo ile ile, kuku wale wale, fikiria maficho. Usugu unataka kipimo cha dawa gani inafaa. Maficho yanataka kumtenga au kumwondoa mbebaji. Kubadilisha dawa kila siku ya tatu, kama tunavyopenda, hutengeneza usugu pale ambapo palikuwa na maficho tu. Na siku za kungojea kabla ya kuuza maziwa, nyama au mayai, zilizoandikwa kwenye chupa zihesabiwe tangu dozi ya mwisho.

Ananyweshwa dawa, anakula, anakonda tu

Ng'ombe wa miaka mitatu au minne, anahara kama maji yasiyo na damu, hamu ya kula haijapungua, minyoo imetibiwa mara mbili, na mgongo unatokeza. Alipata bakteria wa paratubakuloza akiwa ndama, kutoka kwenye kinyesi au dang'a, akakaa nao miaka yote hiyo kwenye utumbo. Hakuna tiba. Ndama wake watenganishwe na kinyesi cha wakubwa tangu siku ya kwanza, na walionyonya kwake wahesabiwe kuwa washukiwa.

Kupeleka sampuli

Kwa maziwa, osha chuchu, ikaushe, pangusa ncha kwa pamba yenye spiriti, tupa mikamuo ya kwanza, kamulia chupa safi iliyolazwa ubavu ili vumbi la ng'ombe lisidondoke ndani. Iweke kwenye barafu na ifike maabara siku hiyo hiyo. Kwa mimba iliyotoka, usipasue kitu mwenyewe. Ita daktari wa mifugo, funika, weka mbwa mbali. Na andika jina la ng'ombe na robo kwenye chupa kabla ya kukamua. Chupa ikishalowa maziwa, kalamu haishiki, nawe utasimama pale zizini na chupa nne zinazofanana.